Ceska, Glock na .303 mbele ya chumvi ya Mombasa: uzoefu wangu

Niseme mapema: mimi nina cheti kimoja, bastola moja, na sefu iliyokazwa kwa bolti ukutani. Basi. Anayedhani Mombasa mtu anaweza kupanga bunduki sebuleni kama wale Wamarekani wa kwenye video, asahau. Silaha ina cheti chake, cheti kina sababu yake, na tangu ule uhakiki wa serikali wa wenye silaha wa 2018 hata wazee waliozoea kuamkiwa na kupita walipanga foleni kama sisi. Kwa hiyo mkusanyo wangu ni daftari. Kila silaha niliyoipiga kwenye klabu yetu ya shabaha nimeiandika humo: tarehe, risasi ngapi, ilikaaje mkononi, na kutu ilianzia wapi. Hiyo ya mwisho ndiyo mtu wa bara haiulizii. Huku Pwani ndiyo ya kwanza.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa CZ 75, ambayo Kenya nzima inaiita Ceska. Niliipata baada ya duka langu la vifaa vya ujenzi kuvamiwa. Ni chuma kitupu, kama kilo moja kabla hujatia risasi, na ukiishika unajua umeshika kitu. Ilitoka Czechoslovakia mwaka wa 1975, kazi ya ndugu wawili wa ukoo wa Koucký, na mpaka leo sijaona mpini unaokaa vizuri zaidi kwenye kiganja changu. Slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga, inapita ndani ya fremu (kiunzi cha chini chenye mpini) badala ya kuikalia juu, kwa hiyo mtutu uko chini karibu na mkono na bastola hairuki sana. Mita kumi na tano, risasi tano, matundu yote yanafunikwa na kikombe cha kahawa chungu. Glock niliyonayo sasa, mkono uleule, umbali uleule, inataka mahamri. Mahamri makubwa.

Mbona basi niliiacha? Kwanza, huo ufundi wa slaidi una gharama yake: kinachobaki nje cha kushika ni kidogo. Mwezi wa Februari, kaskazi imetulia na jasho linatiririka mpaka kwenye kucha, unavuta slaidi vidole vinateleza kama umeshika samaki. Pili ni kosa langu mwenyewe. Mvua za Mei nilikwenda matangani Voi, nikakaa siku tisa. Bastola niliiacha ndani ya sefu ikiwa kwenye mfuko wake wa ngozi, nikijiona nimeihifadhi. Niliporudi nikaichomoa, ubavu mzima una mstari wa rangi ya chungwa, nukta kwa nukta, ukifuata mshono wa ule mfuko. Ngozi ilikuwa imekunywa jasho langu la miezi, ikakaa inalirudishia chuma taratibu. Niliisugua kwa pamba na mafuta, kutu ikatoka, lakini alama za nukta zilibaki. Fundi aliziangalia akacheka tu.

Glock 19 ni kinyume chake kwa kila kitu. Sura yake ni tofali. Fremu ni plastiki ngumu, bila magazini ni kama gramu mia sita, inabeba risasi kumi na tano, na ile slaidi nyeusi imepikwa kwa dawa inayoingia kwenye chuma chenyewe, si rangi ya juu juu. Nimevuka nayo Likoni kwa feri asubuhi na jioni, upepo wa bahari usoni, na baada ya miaka minne kutu niliyoiona ni kwenye kipini kimoja kidogo tu. Jambo moja la kuheshimu: haina kitufe cha usalama pembeni. Kuna kiulimi katikati ya kifyatuo, na kidole kikiingia pale kinakibonyeza pamoja na kifyatuo, hakuna swali la pili. Kwa hiyo mfuko wake uwe mgumu na ufunike kifyatuo chote. Ile mifuko laini ya kitambaa inayouzwa kwa bei ya mia mbili tatu, usiiguse.

Lakini nikikwambia ninakwenda klabu kwa ajili ya bastola nitakuwa ninakudanganya. Ninakwenda kwa ajili ya zile bunduki mbili ndefu za kijeshi za klabu, za risasi ya .303.

Moja ni Lee-Enfield Mark III ya Kiingereza, imechapwa taji, neno Enfield na mwaka wa 1917 kwenye bangili ya chuma nyuma ya mtutu. Nyingine ni Mark 4, ileile ambayo polisi wa akiba kule bara waliibeba miaka na miaka. Mwanachama mmoja pia ana Mauser 98 ya Kijerumani aliyorithi, kitako kimechongwa upya cha kuwindia, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo siku hizi haiwindi chochote ila karatasi. Ninajua wengi wanaiapia Mauser. Ni imara, sibishi. Ila bolti yake, kile chuma chenye mkono cha kuingizia risasi, unapoiinua ndipo unapokaza springi ya kufyatulia, na kwangu inafanya bega lihame. Ya Lee-Enfield inafunguka laini na kukaza springi wakati unaisukuma mbele, mkono ukiwa tayari una nguvu ya kwenda huko. Halafu inachukua risasi kumi, Mauser tano. Ndiyo maana jeshi la Uingereza kabla ya 1914 liliweza kudai askari apige risasi kumi na tano kwa dakika kwa shabaha ya yadi mia tatu. Mimi dakika nzima nilitoa sita, na mbili sijui ziliishia wapi.

Kati ya hizo mbili, macho ya umri wangu yanaichagua Mark 4. Mark III ina mfereji mdogo wa kulengea ulio mbali kule juu ya mtutu, na kwa miwani unaonekana kama moshi. Mark 4 ina kitundu karibu na jicho; unachungulia, basi. Hata hivyo Mark III ndiyo ninayopenda kuishika. Bunduki za aina hii ndizo zilizoshuka Tanga na jeshi la Uingereza mwezi wa Novemba 1914, likashindwa, na kurudi Mombasa zikiwa pungufu, kwa sababu Wajerumani na askari wao walijiokotea mamia ufukweni.

Anayezitunza ni mzee mmoja, askari mstaafu. Siku ya kwanza niliingiza risasi kwenye klipu bila kuangalia, bolti ikagoma katikati. Akanipokonya. "Mwanangu, risasi hii ina ukingo nyuma. Ukingo wa juu ukikaa nyuma ya wa chini, umekwama mpaka kiama." Akazipanga tena kwa kidole gumba, tano, bila kutazama.

Jingine alilonifundisha ni maji. Risasi za zamani za .303 zina fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Mafuta yanaifunika tu, kutu inaendelea chini yake. Kwa hiyo tukimaliza, mzee anabandika birika, anaingiza faneli, anamimina maji yanayochemka mpaka chuma hakishikiki, kikauke chenyewe kwa ule moto, ndipo apitishe kitambaa cha mafuta. Mara ya kwanza nilidhani anatania. Mafuta ni ya cherehani. Ya nazi usijaribu, yanachacha na kuganda, nilijaribu.

Kwenye kitako cha Lee-Enfield kuna kifuniko cha shaba, na ndani yake mna shimo la kamba ya kusafishia na kichupa cha mafuta. Za klabu zote mbili ni tupu. Kichupa kama hicho nilikikuta Mji wa Kale, duka la vitu vya kale, kimechanganywa na funguo na vitasa. Mwenye duka aliniambia ni cha wanja. Sikumbishia, bei ya wanja ilikuwa nafuu. Kifuniko chake kina kijiko kirefu chembamba ndani, kinatoa tone moja kwa wakati, na baada ya kukisugua kwa ndimu na majivu kilinoga. Kiliingia kwenye kitako cha Mark III kama kilitengenezwa kwa ajili yake, na nadhani ndivyo.

Malalamiko? Risasi za .303 ni adimu na ghali, klabu inatupimia tano tano, na kivuli cha kusubiria hakitoshi watu wanne. Mzee naye amegoma kukirudisha kile kichupa. Anasema kiko nyumbani kwake sasa, na mimi nije na mafuta.