Hedseti ya umeme ya sonona: wiki 12 kichwani, na shida ya rasta

Nimeitumia wiki 12 kamili ndo naandika, maana ningeandika wiki ya pili ningewadanganya. Niko Leicester, nahudumia wazee shifti za usiku, na kila ikifika Novemba giza linaingia saa kumi jioni na mimi naingia nalo, sonona yenyewe kabisa, daktari alishaipima na dawa nameza. Hii hedseti nimenunua kwa hela yangu, pauni 380, jina la kampuni silitaji.

Ni hivi: pedi mbili za sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi zinakaa juu ya paji la uso, kushoto na kulia, halafu unapita umeme mdogo, miliampia 2, nusu saa. Lengo ni kuuchangamsha ubongo wa mbele upande wa kushoto, ambao inasemekana kwa wengi wenye sonona unakuwa umepoa. Sio ile ya hospitali ya kulazwa usingizi kwanza, hapa uko macho unakunywa chai yako. Ukiwasha tu unaona kamwanga kanapita pembeni ya jicho, ngozi inawasha kama umegusa upupu, dakika mbili tatu inatulia.

Sasa niseme kilichoniuma. Mimi nasuka rasta, na kitabu chote cha maelekezo picha ni za nywele laini zilizolala, hakuna hata moja ya nywele kama zetu. Rasta zinainua pedi, upande mmoja unabaki hewani, sponji inakauka, umeme wote unakimbilia pale palipogusa. Wiki ya nne nikatoa kifaa nakuta doa jekundu kwenye ukingo wa nywele, saizi ya punje ya harage, likaja likatoa gamba. Kastama kea wamenijibu siku ya tisa, eti nihakikishe pedi imekaa vizuri. Imekaa vizuri wapi na hamjawahi kuijaribu kwenye kichwa kama changu?

Suluhisho nimelipata mwenyewe: nimefumua, nikasuka twende kilioni nyembamba, pale pedi inapokaa pakaachwa wazi, na kabla ya kuvaa naosha mafuta yote kwa sabuni kwasababu mafuta yanazuia umeme. Tangu hapo hakuna doa tena.

Imesaidia? Kwenye wiki ya sita nimejikuta narudi asubuhi naosha vyombo kabla ya kulala, mama akipiga simu napokea, zamani naiangalia inaita mpaka inakata. Kwangu hilo ni kubwa sana. Ila nilianza Januari nikamaliza jua limesharudi, na dawa sijaacha, kwa hiyo siwezi kuapa ni kifaa. Hata utafiti unavutana: 2024 ulitoka mmoja kwenye jarida la Nature Medicine, watu 174 wakitumia nyumbani wiki 10, waliopata umeme wa kweli karibu 45 kwa 100 sonona iliwatoka, waliovaa kifaa cha kuigiza 22 hivi. Lakini 2023 Wajerumani waliwajaribu watu ambao tayari wako kwenye dawa, hawakuona tofauti, na hao ndo wanaofanana na mimi.

Kama una kifafa au una chuma au kifaa chochote ndani ya kichwa usiguse, na kama uko kwenye dawa mwambie daktari kwanza, wangu nilimwambia akaiandika kwenye faili. Na msichanganye na zile za kukupa mudi tu, kama Thync ya Marekani iliyotoka 2015 kwa dola 299, ya kubandika kwenye paji la uso utulie au uchangamke, ile haikutengenezwa kutibu sonona.

Pedi mpya ni pauni 30 kila mwezi na kwa mshahara wa kulea wazee hiyo ni hela. Nimebakiza pakiti moja, naitunza mpaka Oktoba, na kampuni nimewatumia picha za kichwa changu kabla na baada ya kusuka, wakiziweka kwenye maelekezo yao ntaagiza nyingine.