Jaribio la t: la jozi au la makundi huru?

Mwaka 1908 mwanatakwimu William Gosset, aliyeandika kwa jina la Student, alitumia takwimu za wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti. Dawa ya kwanza iliwaongezea wastani wa saa 0.75 za kulala, ya pili saa 2.33. Je, tofauti hiyo ya saa 1.58 ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu? Jaribio la t hupima hilo: t ni tofauti ya wastani ikigawanywa kwa kiasi ambacho ingeweza kuyumba kwa bahati.

Ukizichukulia namba hizo kama za makundi mawili yasiyohusiana, watu 10 huku na 10 kule, t ni 1.86 na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo au zaidi kwa bahati tu) takriban 0.08. Wengi wangesema ushahidi hautoshi. Lakini mlinganishe kila mgonjwa na yeye mwenyewe: t inapanda hadi 4.06, p inashuka mpaka 0.003. Na namba ni zilezile! Kilichoondoka kwenye hesabu ni tofauti ya mtu na mtu, kwamba huyu hulala fofofo na yule hukesha.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kutafuta jozi. Ila usizilazimishe. Ukilinganisha mavuno ya mahindi ya Mbeya na ya Iringa, hakuna shamba lenye mwenzake. Tumia makundi huru, tena kwa fomula ya Welch, isiyodai kwamba mtawanyiko wa pande zote mbili ulingane. Jozi za kubuni zitakupunguzia digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa huru zinazobaki za kukadiria mtawanyiko, mathalani kutoka 18 hadi 9, bila kukupa chochote.