Niliagiza patisheni ya fito, wakanijengea ukuta

Nilijizuia kuandika nikisubiri hasira zipoe. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nyumba yetu iko Kigamboni, na ni ya mtindo wa siku hizi: ukifungua mlango wa mbele unaona sebule, meza ya chakula na jiko kwa mkupuo mmoja, katikati hakuna hata ukuta. Kwa hewa sikuwa na neno. Madirisha ya sebuleni yanatazama mashariki, ya jikoni magharibi, na upepo wa bahari ukianza kuvuma mchana unaingia huku unatokea kule. Hata kipindi cha kaskazi, Januari na Februari watu wanapolia joto mji mzima, sisi pangaboi tulikuwa tunawasha usiku tu. Mama mkwe wangu, ambaye presha inamsumbua, alijichagulia kiti pale mezani kwa sababu ndipo upepo unapopita.

Shida ilikuwa macho. Mgeni akipiga hodi, kabla hajakaribishwa ameshaona sinki, masufuria na mtu aliyejifunga kanga kifuani anakaanga samaki. Watoto nao wanafanya kazi za shule huku televisheni inawaita. Nikataka kitu cha kuzuia macho tu. Mwanga na upepo viendelee kupita.

Nikaenda kwenye duka la samani nililosifiwa na shoga yangu wa kazini. Nakiri walinipokea vizuri. Wakanitumia kijana wao, fundi seremala, aje achukue vipimo, na huyu kijana ndiye aliyenifanya nitoe kianzio bila wasiwasi. Kabla hata hajafungua futi kamba aliniuliza, "Mama, hapa upepo unatoka wapi na unatokea wapi?" Akachomoa uzi kwenye pindo la pazia langu, akaushika kwa vidole viwili, akawa anasimama sehemu moja baada ya nyingine kuangalia unavyopepea. Karibu na dari uzi ulilala kabisa kuelekea jikoni. Akasema, "Hapa juu ndipo joto linapotokea. Tukipaziba, umekwisha."

Tukaelewana hivi. Fito za mninga za inchi moja kwa mbili, zisimame wima, ubavu mwembamba ukitazama sebuleni, kati ya fito na fito iachwe inchi moja na nusu. Akanieleza sababu yake: ukisimama mbele yake moja kwa moja unaona upande wa pili, lakini ukitazama kwa pembeni, kama mgeni anavyotazama akiwa mlangoni, macho yanagonga mbao tupu. Juu iachwe futi moja na nusu kabla ya dari. Chini inyanyuliwe inchi nne, isimame kwa miguu, kwanza ili deki lipite, pili kwa sababu mtungi wa gesi uko ndani na hewa ya chini isizuiwe. Hilo la gesi nilitaka kumkumbatia kwa kulijua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni, na sehemu iliyozibwa chini inaituamisha. Nilichora kwenye karatasi, tukasaini, nikatuma picha kwenye WhatsApp ya duka. Hakuna lililobaki hewani.

Siku ya kufunga kijana hakuja. Nilikuwa kazini. Likaja kundi jingine na msimamizi wao, na mama mkwe alipowaambia kuwa mkwe wake aliagiza mbao, wakamjibu kwamba wakubwa wameshaongea. Niliporudi jioni nikakuta bibi wa watu kahamishia kiti chake barazani, kavua mtandio anajipepea. Mle ndani walikuwa wamesimamisha mbao nyeupe za MDF, zile za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, juu yake vioo vya ukungu, mpaka kwenye dari, na pembeni kote wamepiga silikoni. Silikoni! Yaani hata tundu la sindano hawakuacha. Kusema haki, kwa mwanga wa juu vioo vile havikuwa vibaya, lakini meza ya chakula ilikuwa kizani kiasi cha kuwasha taa saa nane mchana, na jikoni ukiweka chungu jasho linakutiririka mgongoni kabla maji hayajachemka.

Nikapiga simu. Kesho yake msimamizi akaja. Hapa ndipo kiini cha maneno yangu yote, kwa sababu kukosea oda kunavumilika.

Nilimfungulia mlango, nikamkaribisha, nikaanza kumwonyesha mchoro. Hakuutazama. Akapepesa macho sebule nzima, akauliza, "Baba yupo?" Nikamwambia baba yuko Mtwara kikazi. Akasema, tena kwa sauti ya kunihurumia, "Basi mama, haya mambo ya kiufundi acha nitaongea na baba akirudi." Nikamwambia kazi nimeagiza mimi, kianzio nimelipa mimi, kwa pesa yangu ya kikoba, na risiti ina jina langu. Akaniomba namba ya mume wangu! Nikampa, kusudi. Akampigia palepale, kanipa mgongo katikati ya sebule yangu. Mume wangu, Mungu amzidishie, alimjibu maneno machache tu: "Mwenye kazi si huyo hapo uliposimama?" Akakata simu.

Mnadhani aliona aibu? Alinigeukia akasema mbao zimepitwa na wakati, vioo ndiyo vya kisasa, wateja wao wa Masaki wote wanaweka hivyo, na kama nasikia joto ninunue kiyoyozi.

Ninunue kiyoyozi. Nyumba iliyokuwa inapumua bure, sasa niitie umeme wa LUKU ili ipate hewa ambayo yeye ndiye aliyeiziba. Na akaniambia hivyo mbele ya mama mkwe, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, ambaye hakumsalimia wala kumpa pole ya joto. Huku kwetu mtu akiingia nyumba ya watu akamkuta mzee, anaamkia kwanza, biashara baadaye. Huyu hata shikamoo ilimshinda.

Hicho cha kisasa anachokiimba kinaniudhi kuliko anavyojua. Watu wa pwani hii hawajaanza leo kugawa nyumba bila kuiziba. Mimi ukoo wa mama yangu una asili ya Lamu. Zile nyumba za mawe za kule, nyingi zilizobaki ni za karne ya 18, boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuzidi upana wa mita 3 hivi, kwa hiyo waliishi kwenye misana, yaani vyumba virefu na vyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele ukiwa wazi kuelekea kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, ambako mwanga na hewa vinaingilia. Faragha ikihitajika, linashushwa pazia. Likipandishwa, nyumba inarudi kuwa moja. Hawakuwa na silikoni na waliishi kwa heshima zao. Ungemwambia hayo msimamizi yule angekuuliza baba yuko wapi.

Basi nikakaa na lile dude. Wiki zilivyosonga, MDF ikaanza kunywa maji ya deki. Ile kingo ya chini ikaumuka kama andazi, rangi ikapasuka, ukigusa unga unakubakia kidoleni. Kila aliyewahi kutumia MDF anajua haitakiwi kukaa sehemu ya majimaji, na kile kilikuwa kizingiti cha jiko. Nikawaandikia kwamba nakwenda Tume ya Ushindani, wanaolinda haki za wateja, na mchoro wangu uliosainiwa. Hapo ndipo mwenye duka mwenyewe aliponipigia. Mama mtu mzima, mpole, akaomba radhi, akasema anaondoa kila kitu na kunifungia nilichoagiza, kwa gharama yake.

Na akamrudisha yule kijana.

Sasa nitasema ukweli japo roho inauma, maana ningependa tathmini hii iwe mbaya mwanzo hadi mwisho. Kazi aliyoifanya kijana sijawahi kuiona nyumbani kwa mtu ninayemjua. Mninga mtupu, kila ufito umepigwa randa na msasa hadi unateleza, umeingia kwenye fremu kwa ulimi na tundu, hakuna kichwa cha skrubu kinachoonekana. Hakupaka vanishi ya kung'aa, alipaka mafuta, na ile rangi ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu ikatoka. Jua likishuka upande wa jikoni, mwanga unapita katikati ya fito na kujipanga mistari sakafuni hadi kwenye miguu ya makochi. Upepo umerudi. Mwanangu alisimama mlangoni akanihakikishia kwamba sinki halionekani, akasogea hatua mbili akasema, "Sasa naliona." Ndivyo kijana alivyosema itakuwa. Mama mkwe karudi kwenye kiti chake, na alimpa kijana dua ndefu kuliko aliyowahi kunipa mimi.

Kwa hiyo niwaambieni nini? Asubuhi nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Nikifikiria kazi ya kijana nasema nendeni, ila msitoe hata shilingi mpaka muandikiwe kwamba yeye ndiye atakayepima na yeye ndiye atakayefunga. Na mkifika nyumbani, kabla ya kuzungumzia rangi na mtindo, msikilize kama fundi atauliza upepo unatokea wapi. Asiyeuliza hilo, hata awe na picha nzuri vipi kwenye simu, mwambieni asante na kwaheri.

Nilikuwa karibu kuwapa nyota nne. Kwa mninga ule wanazistahili. Lakini juzi, dari yangu ya jipsamu ikiwa bado ina matundu walipong'oa ile fremu ya vioo, na ahadi ya kuyaziba haijatimizwa, nani kaja kudai salio? Msimamizi. Kasimama mlangoni, kaniangalia, kaniuliza, "Baba karudi?"

Nyota moja. Nimefuta zile nyingine zote. Kijana anisamehe, na mwenye duka kama anasoma hapa ajue kazi yake nzuri inaharibiwa na mdomo wa mtu mmoja anayemlipa mshahara. Salio lao lipo, halijaguswa, na matundu ya dari nayo yapo. Siku wakiyaziba nitalipa siku hiyohiyo. Ila hela hiyo nitamkabidhi kijana mkononi, na yule mwingine asikanyage kwangu tena.