TAHADHARI: Prizimu na lenzi za plastiki zinauzwa kama kioo

Walimu wenzetu wa fizikia, tumepigwa. Zile prizimu 12 na lenzi 20 tulizonunua kwa mtihani wa vitendo ni plastiki tupu.

Jamaa aliyetuuzia aliweka prizimu moja dirishani, akaziba jua kwa kadibodi yenye mwanya mwembamba, rangi zikatua ukutani: nyekundu hadi urujuani, zimeachana safi kabisa. "Mnaona? Kioo hicho." Akaipitisha mikononi mwetu, ya baridi, nzito. Na ile kweli ilikuwa kioo! Za kwenye maboksi siyo. Sampuli umeishika mwenyewe, boksi lina gundi ya kiwandani, nani angeanza kuchana moja moja?

Hata tungechana tukazijaribu juani, tungepigwa vilevile, maana plastiki nayo inatawanya rangi vizuri tu. Pini, zile za kufuatilia njia ya mwanga, ndizo zilizomuumbua. Prizimu ya 60° ya kioo cha kawaida, n yake (kipimo cha inavyopinda mwanga) 1.52, mkengeuko wake mdogo kabisa, yaani pembe ndogo kabisa ambayo mwanga unapindishwa, ni karibu 39°. Hizi zinagotea 36°, kwa sababu n ya akriliki, plastiki yenyewe, ni 1.49. Mtoto anapima sawasawa, anachora mistari yake vizuri, halafu anakatwa alama kwa kukosa 39°. Inauma sana.

Lenzi ndiyo aibu. Zimeandikwa urefu wa fokasi sm 10. Mshumaa ukikaa sm 20, taswira inatakiwa itue sm 20 upande wa pili, ukubwa uleule. Karatasi ikasogezwa, ikasogezwa, ukungu mtupu, mpaka karibu sm 47 ndipo mwali ukatulia, mkubwa zaidi ya mara mbili. Hiyo ni lenzi ya sm 14!

Huyu mtu afungiwe duka. Anachezea mitihani ya Kidato cha Nne kwa makusudi. Wenye risiti tuziunganishe, ziende Tume ya Ushindani kwa pamoja.

Dalili: pimeni uzito. Prizimu ya sm 3.8 kila upande, ikiwa kioo, ni karibu gramu 60. Hizi ni 28. Kingo zimeviringika, na pembeni kuna kikovu cha kumiminia plastiki. Lenzi ielekezeni dirisha la mbali, taswira ikitulia kwenye karatasi mpime kutoka lenzi hadi hapo: huo ndio urefu wa fokasi. Mliokwisha nunua msizifute kwa spiriti, zitaingia nyufa kama utando wa buibui, na atasema mmeziharibu wenyewe.

Simu hapokei. Arudishe hela, na mahakamani afike vilevile.