Unataka kucheza malenga? Nunua hivi ukiwa Kigoma

Wachezaji watatu wa Mwanga au Ujiji wakikaa kucheza gemu za kuigiza, zile za mazimwi na uchawi, lazima kuna nafasi itabaki wazi. Hakuna tabibu, au hakuna wa kufungua kufuli, au hakuna anayejua kumlainisha mlinzi wa lango. Malenga, mhusika anayeitwa bard kwa Kiingereza, anaziba zote: anaimba, anatibu, anaroga, anapigana kiasi, na kwa maneno hana mpinzani. Na huku ambako ndiko asili ya Diamond na Alikiba, nani atamdharau mwimbaji? Nimepanga kuanzia kinacholipa zaidi.

1. Kanuni za bure za Dungeons & Dragons, pamoja na dadu

Januari 2023 Wizards of the Coast, wenye gemu hii ya mezani, waliachia SRD 5.1, yaani faili la kanuni zake za msingi, kwa leseni huria ya Creative Commons, na malenga yumo. Faili lina kurasa zaidi ya 400, hivyo liache kwenye simu. Stesheneri chapisha kurasa za malenga na maelezo ya uchawi wake tu. Angalia usije ukapakua Basic Rules za 2014. Hizo zina mpiganaji, mwizi, kasisi na mchawi, basi.

Kwa nini namba moja? Tazama zamu moja. Mwenzako kaanguka, uhai sifuri, zimwi limemsimamia kichwani. Kwa kitendo cha ziada unatamka Healing Word ukiwa umbali wa futi 60, jamaa anaamka. Kitendo chako kikuu bado unacho: unalitukana zimwi kwa Vicious Mockery. Likishindwa kustahimili linaumia kidogo, na shambulio lake linalofuata linatupiwa dadu mbili, inahesabiwa ndogo. Kasisi naye anaamsha watu, ila kutukana hivyo hajui.

Daraja la 2 unapata Jack of All Trades, nusu ya bonasi ya ujuzi kwa mambo ambayo hukuyasomea. Mwanzoni ni +1 tu, lakini unaikuta karibu kila mahali. Kuna pia dadu ya kumtia mwenzako moyo: d6 (yaani ya pande 6) mwanzoni, d8 daraja la 5, d12 daraja la 15. Hapo ndipo wenzako wanaanza kugombania kukaa karibu na wewe.

Dadu za ludo zina pande 6, hazitoshi. Seti ya dadu 7 mwagize mtu anayetoka Dar. Ikichelewa, mahali pa dadu ya pande 20 weka karatasi za namba 1 hadi 20 kwenye kofia, mradi kila uliyoichomoa unairudisha.

2. Baldur's Gate: Enhanced Edition, ya simu

Gemu ya 1998 iliyofanyiwa ukarabati na Beamdog. Unalipa mara moja, na hadithi unaicheza bila bando. Malenga wa humu anapanda madaraja haraka, anatambua vitu vya kichawi na anachomoa mifukoni. Udhaifu wake ni kwamba akiimba hapigani wala harogi. Kuna aina za malenga za kuchagua: chukua Blade kama unapenda kuingia vitani. Skald ni mzuri kwa kundi, Jester mwache. Simu ya kioo kidogo itakutesa macho.

3. Baldur's Gate 3

Kwa malenga wa kwenye skrini, hii ya Larian (2023) ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja. Piga ala barabarani, watu wanakusanyika na kukutupia sarafu. Ukizungumza na adui, unapewa majibu ambayo mpiganaji hapewi. Kilichoishusha hapa ni GB 150 inazotaka kwenye kompyuta, tena SSD, ile diski ya kasi. Piga hesabu ya bando kwanza, kisha ya kompyuta yenyewe. Kama ndugu yako wa Dar ana intaneti ya nyumbani, mpe diski ya nje aipakue huko.

4. Player's Handbook, kitabu chenyewe

Kizuri, kinakupa vyuo vya malenga (matawi ya utaalamu wake) zaidi ya kile kimoja cha Lore kilichomo kwenye SRD. Subiri mpaka kundi lenu limefika daraja la 3, kwa sababu kabla ya hapo chuo hakichaguliwi.