Nyuzi za gitaa zinazohimili chumvi ya Malindi: uzoefu wangu

Maoni mengi ninayosoma kuhusu nyuzi za gitaa yanabishania sauti: zipi kali, zipi laini, zipi zinamfaa mwimbaji. Hayo ni mabishano ya watu wa bara. Mimi napiga kwenye hoteli za ufuoni hapa Malindi, jukwaa liko hatua chache kutoka mchangani, na swali langu la kwanza kwa pakiti yoyote ni moja tu: itafika wiki ya pili? Iwe kaskazi au kusi, upepo unakuja na chumvi, mkono nao una jasho lake. Uzi mpya uliokuwa uking'aa Ijumaa, Jumapili unaupitisha kidole unahisi unakwaruza.

Nina magitaa mawili ya kazi. La boksi, lisilotumia umeme, ni la wakati wa chakula cha jioni, napita meza hadi meza. La umeme ni la bendi usiku: chakacha, bango, rumba, na zile nyimbo ambazo kila mtalii huziomba. Nayawekea nyuzi tofauti kabisa, hata bajeti zake hazifanani.

Nianze na la boksi, maana ndilo lililonitia gharama. Kwa miaka niliweka nyuzi za kampuni ya D'Addario, aina ya EJ16, seti ya 12 hadi 53. Hizo namba ni unene wa uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, na wa sita, ulio mnene kuliko wote, kwa elfu za inchi, kwa hiyo 12 ni inchi 0.012. Nyuzi nene za EJ16 zimeviringishiwa waya wa shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi kidogo, aina ambayo D'Addario waliileta sokoni mwaka 1974. Sauti yake naipenda hadi leo: nzito chini, haichomi masikio juu. Niliwahi kujaribu zile za 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Siku ya kwanza zinalia kwa ukali mtamu sana, lakini hapa kwetu utamu huo unaisha upesi mno. Anayeishi Nairobi huenda akazifaidi.

Kinachoua uzi mnene si kutu peke yake. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi vinajibana katikati ya mizunguko ya waya, uzi unakuwa mzito kwa namna isiyo sawa, na hapo hata ukiutuni vipi, ukibonyeza freti ya juu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) unasikia umepotoka. Sauti inakuwa kama ya sufuria iliyofunikwa kwa tambara. Nyuzi mbili nyembamba, ya kwanza na ya pili, ni chuma kitupu kilichopakwa bati, na hizo ndizo zinazoshika kutu kwanza.

Ndiyo maana nikahamia zenye utando. Elixir zinatengenezwa na W. L. Gore, kampuni ya Marekani yenye jina kwa kitambaa cha Gore-Tex kisichopitisha maji. Walichofanya ni kuuvika uzi ngozi nyembamba ili uchafu usiingie kwenye mizunguko. Kuna Polyweb, yenye ngozi nene zaidi na sauti iliyopoa, na Nanoweb, yenye ngozi nyembamba. Mimi natumia Nanoweb za shaba ya fosforasi, 11 hadi 52. Bei yake ni mara mbili ya pakiti ya kawaida au zaidi, na mara ya kwanza mkono ulisita kutoa hela. Lakini pale nilipokuwa nikibadilisha EJ16 mara kadhaa, seti moja ya Elixir bado inapiga. Ukifanya hesabu ya msimu mzima, kwa mtu wa ufuoni ndizo za bei nafuu.

Kasoro zipo. Zinateleza, na wiki ya kwanza vidole vinakuwa kama havijui viko wapi. Pale piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, inapogonga kila siku, ngozi huanza kuchanika na kutoa manyuzinyuzi meupe yasiyopendeza, ingawa sauti haijafa. Ukali wake nao ni pungufu kidogo kuliko wa uzi mtupu ulio mpya. Ila mgeni anayekula kamba wa kuchoma hatausikia upungufu huo, na ule mlio wa vidole kukwaruza nyuzi unapohamisha kodi (noti zinazopigwa pamoja), ambao mezani unaudhi, umepungua sana.

Unene wa 11 niliuchagua kwa sababu ya gitaa lenyewe. Seti ya 12 hadi 53 ikituniwa kawaida inavuta daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa, kwa nguvu inayopita kilo 70. Mbao iliyolewa unyevu wa pwani inavimba, tumbo la gitaa linapanda, nyuzi zinakuwa juu na vidole vinaumia. Kushuka kutoka 12 hadi 11 kumelipumzisha. Kama gitaa lako la boksi ni gumu la kisasa, 12 ni sawa. Kama ni la nyuzi za nailoni, zile pana za klasiki, usithubutu kuliwekea nyuzi za chuma hata za 10. Nimeona daraja liking'oka lote na kipande cha mbao.

Gitaa la umeme ni habari fupi. Hapa sitaki utando wala ghali. Natumia D'Addario EXL110 au Ernie Ball Regular Slinky, yoyote itakayopatikana, zote 10 hadi 46, chuma kilichopakwa nikeli. Ni lazima ziwe za chuma na nikeli kwa sababu sumaku za gitaa la umeme zinasikia chuma. Ukiweka seti ya shaba ya gitaa la boksi, nyuzi nene zitanong'ona huku nyembamba zikipiga kelele. Slinky zilianza mwaka 1962 kwa ajili ya watu wanaovuta nyuzi kwa kidole hadi zilie. Muziki wetu hauvuti sana. Solo ya chakacha inataka kila noti itoke safi na haraka, kwa hiyo seti za 9 naziona zinayumba, nikikandamiza kidogo tu noti inapanda. Mzee wetu wa solo anaweka 11. Nilipomwambia mimi 10 zinanitosha, akacheka: "Mwanangu, vidole ni vyako." Seti ya 10 ina mvuto wa kama kilo 47 tu, kwa hiyo anaweza kuongeza bila shingo kulalamika.

Zipo pia za chuma kisichoshika kutu, na kwa chumvi yetu zingefaa sana, lakini zinakula freti. Kubadilisha uzi ni rahisi, kubadilisha freti ni kumtafuta fundi.

Matunzo yangu ni kipande cha leso kuukuu mfukoni. Nikimaliza seti ya nyimbo napangusa juu na chini ya kila uzi, kisha gitaa ndani ya begi, zipu ifungwe. Kuna wanaochemsha nyuzi kuukuu kwenye maji. Kweli uchafu unatoka na sauti inafufuka, lakini kwa siku chache tu, na kutu iko palepale.

Ununuzi ndio mtihani. Niliwahi kuuziwa pakiti iliyoandikwa D'Addario ambayo ndani yake kila uzi ulikuwa kwenye karatasi yake. D'Addario halisi huweka zote sita ndani ya mfuko mmoja uliozibwa, na vile vishanga vya mwishoni mwa kila uzi vina rangi: shaba ya njano kwa uzi wa sita, kisha nyekundu, nyeusi, kijani, zambarau, na fedha kwa wa kwanza. Muuzaji aliniambia ni toleo jipya. Siku hizi naagiza Mombasa, pakiti inakuja na basi, na kila nikiagiza naongeza nyuzi mbili moja-moja za kwanza, 10 na 11, kwa sababu ndizo zinazokatika katikati ya wimbo.