Punje kavu za kefiri ya maji: zinafaa, ila si kwa mwenye haraka

Kefiri ya maji ni kinywaji cha maji ya sukari yaliyochachushwa kwa punje zenye bakteria na hamira. Pakiti ya punje kavu huwa na vijiko vichache tu vya chembe ngumu, na anayeifungua akitarajia kinywaji kesho yake atavunjika moyo. Bakteria na hamira waliomo wamelala. Loweka punje katika maji ya sukari siku 3 au 4, na maji hayo uyamwage. Zikivimba na kung'aa kama vipande vya jeli, ndipo kazi inaanza.

Kipimo: maji lita 1, sukari gramu 60, punje zilizovimba gramu 60 hivi, kipande cha limau. Funika kwa kitambaa saa 24 hadi 48, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 28. Ukizidisha, sukari huisha, punje hushinda na njaa na kinywaji huwa kikali kama siki.

Lawama nyingi zinazotupiwa punje ni za maji. Klorini ya bomba huwadhuru vijidudu, hivyo yachemshe na yapoe kabisa. Maji yasiyo na madini nayo huzidumaza. Sukari ya kahawia kidogo husaidia. Asali usitie, huzuia bakteria. Utando mweupe mwembamba juu ni hamira pori, huharibu ladha tu. Ukungu wenye manyoya ni jambo jingine: mwaga vyote, na punje zenyewe.

Ladha ndiyo sifa yake kubwa. Ni nyepesi kuliko kombucha, yaani chai iliyochachushwa, na haina kafeini ya chai. Ukitaka mapovu, chuja, tia juisi kidogo, funga kwenye chupa ya kuhimili gesi saa 12 hadi 24, kisha jokofuni. Chupa nyembamba hupasuka, tena kwa kishindo.

Ahadi za "kusafisha utumbo" zipuuze. Kinywaji kina bakteria hai wa asidi ya laktiki, lakini ushahidi wa faida zake kwa binadamu bado ni haba. Anza na mililita 100 kwa siku, la sivyo tumbo litajaa gesi. Sukari kiasi hubaki, na kilevi kidogo pia. Mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza.

Ukipata punje mbichi kwa anayezitumia, chukua hizo uache pakiti. Ukinunua, moja inatosha, kwani punje zilizoamka huongezeka zenyewe.